Kondoo wa Benchi la Mbele

Jumapili ile Mwalimu Isaka aligonga kengele saa mbili kasorobo, kama ilivyokuwa desturi. Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli kilicholetwa kutoka Manyoni kwa mkokoteni wa ng'ombe, kikatundikwa kwenye mgunga mbele ya kanisa la Itundwi. Alikigonga mara kumi na mbili, akapangusa jasho kwa mkono wa kanzu, akasimama mlangoni kusalimiana na watu. Wakaingia wazee na fimbo zao. Wakaingia akina mama na watoto mgongoni. Halafu akaingia kondoo mweusi wa Mwalimu mwenyewe, yule aliyechinjwa Jumanne kwa Mzee Kitundu, mleta mvua. Akapita katikati ya watu bila kusukumana na mtu, akaenda kulala mbele ya benchi la kwanza, upande wa wanawake.

Mzee Filipo, mkuu wa wazee wa kanisa, alimfuata kwa macho mpaka akalala.

"Kondoo wako amerudi, Mwalimu."

"Namwona, Mzee."

"Mimi nilisikia alichinjwa."

"Na mimi nilisikia hivyohivyo."

Mzee Filipo hakuendelea. Jumanne jioni binamu yake alimletea kipande cha paja kwenye bakuli, naye alikila bila kuuliza kimetoka wapi, maana mtu mwenye njaa ya miezi mitano hawezi kuanza kuhoji nyama. Aliingia, akakaa mahali pake, akavuta miguu nyuma kidogo asije akamgusa mnyama. Wakaimba wimbo wa kwanza.

Nje, chini ya dirisha la kushoto, mwanamke mmoja alikuwa anaimba kwa sauti kuliko wote waliokuwa ndani. Huyo alikuwa Dorika. Alikuwa nje kwa sababu jana yake, Jumamosi, baraza la wazee lilimtenga na meza ya Bwana, na aliyetamka maneno ya kumtenga alikuwa Isaka. Kosa lake ni kwamba alimpa maji ya kunywa mtu aliyekuwa anampeleka kondoo kwa mleta mvua. Mtu huyo alikuwa Isaka.

Haya, mambo yalianza hivi. Ulikuwa mwaka wa nne tangu vita ya Wazungu iishe. Mvua ya mwezi wa kumi na moja haikuja. Ya mwezi wa kumi na mbili ilikuja siku moja, ikalowesha vumbi, ikaondoka. Bwana Shauri, Mzungu wa serikali, alileta mahindi ya njano kwa lori, kwa sharti kwamba anayetaka kula avunje kwanza mawe ya barabara, kwa hiyo waliopata kula ni wale ambao njaa ilikuwa haijawafikia vizuri. Wengine walichemsha majani. Ng'ombe walikonda mpaka wenye nao wakaona haya kuwataja kwa majina.

Miezi yote hiyo Isaka alihubiri juu ya kumtumaini Mungu. Alihubiri vizuri, hilo hakuna anayelikataa. Watu walitoka kanisani wamelia, wakarudi nyumbani wamepata nguvu ya kulala bila kula. Lakini lazima isemwe pia kwamba chini ya kitanda cha Mwalimu kulikuwa na debe la mtama, na kuhubiri saburi ukiwa na debe chini ya kitanda si kazi ngumu. Isaka mwenyewe alilijua hilo. Debe lilipofika nusu, mahubiri yakaanza kupungua urefu. Lilipofika chini, akaanza kuwaomba washirika washuhudie wao, yeye akae asikilize.

Siku debe lilipokwisha kabisa, Mzee Kitundu alikuja kumtembelea. Alikaa kwenye kigoda nje ya tembe, akavuta ugoro wake taratibu, akauliza habari za watoto mmoja mmoja. Kisha akasema alichokuja kusema.

"Mwalimu, mimi na dini yako hatuna ugomvi. Mwanangu mlimbatiza, sasa anaitwa Chrispin, na akiitwa anaitika. Shida yangu ni moja tu. Watu wote wameleta vyao. Kinachotakiwa kimebaki kimoja, kondoo mweusi asiye na doa hata la ukucha. Nimezunguka nchi hii yote. Yupo mmoja, na yupo zizini kwako."

"Mimi namtumaini Mungu, Mzee Kitundu."

"Mtumaini, nani kakukataza? Kondoo je?"

Isaka alisema atafikiri. Mzee Kitundu akashukuru, akaondoka. Dina, mkewe Isaka, alikuwa ndani anasikia yote, akatoka na sufuria tupu mkononi.

"Wewe unamwomba Mungu mvua," alisema. "Kitundu naye anataka mvua hiyohiyo. Kondoo hana dini, Isaka. Mpe mtu kondoo wake."

Isaka alikwenda zizini kuomba. Alimweleza Mungu, kwa heshima zote, kwamba yeye hatoi sadaka kwa mizimu, hata kidogo. Jirani ameomba kondoo, naye anampa jirani. Jirani akishampokea, atakalomfanyia ni shauri ya jirani. Mungu hakujibu. Isaka aliuchukua ukimya ule kuwa ni ruhusa, jambo ambalo katika miaka sita ya utumishi hakuwahi kumruhusu mshirika hata mmoja kulifanya.

Alichagua saa saba mchana siku ya Jumatatu, watu wakiwa wamelala kwa joto. Kondoo akagoma kutembea. Isaka alimvuta, akambembeleza, akamtukana kwa Kinyiramba, mwisho akambeba mabegani. Kanisani, ukutani nyuma ya meza, kulikuwa na picha ya Bwana Yesu amembeba kondoo namna ileile, na Isaka alikuwa amehubiri chini yake miaka yote hiyo bila kujua kwamba kondoo ana uzito kiasi kile na ananuka kiasi kile. Tena kondoo wetu wa huku wana mkia mnene wa mafuta. Ule mkia ulimwangukia usoni ukamfunika kuanzia paji mpaka kidevu, akawa anaona njia kwa jicho moja.

Njia ya kwa Kitundu hupita mbele ya nyumba ya Dorika. Dorika alikuwa mke wa Simeoni, au mjane wake. Hakuna aliyejua. Simeoni alichukuliwa jeshini, akapelekwa Burma, na vita ilipokwisha ikaja barua ya serikali yenye muhuri, inasema haijulikani alipo. Dorika alisomewa barua hiyo na Isaka mwenyewe. Aliikunja, akaichomeka kwenye dari la tembe, na tangu siku hiyo sala yake kanisani ilikuwa moja: "Bwana, kama yupo mlinde, kama hayupo mpokee, na mimi nipe nguvu ya kupalilia." Isaka aliwahi kumwambia kwamba sala yake ni fupi mno. Dorika akamjibu kwamba Mungu ana watu wengi wa kuwasikiliza.

Mchana ule alikuwa amekaa mlangoni anachambua majani ya mlenda, watoto wake wawili wamelala ndani. Kisima kilichokuwa na maji kilikuwa mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Alimwona mtu anakuja, kondoo juu, miguu ya binadamu chini.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema. Alimjua kwa miguu.

"Marahaba."

"Utaanguka na jua hili. Njoo unywe maji."

Isaka alisogea. Dorika akachota kwa kata, akaunyanyua mkia kwa mkono wa kushoto, akamnywesha kwa mkono wa kulia.

"Kumbe umempata aliyepotea," Dorika alisema.

"Nimempata."

"Na unampeleka wapi?"

Isaka aliomba maji tena ili mdomo uwe na kazi. Dorika hakurudia swali. Alichota kata ya tatu, akampa kondoo, na kondoo akanywa yote. Kwa nyumba ambayo maji yake huchotwa mwendo wa saa nne, kata tatu si mchezo. Kisha akaushusha mkia mahali pake, na Isaka akaendelea na safari.

Jumanne kondoo alichinjwa. Alhamisi jioni mvua ikanyesha, ikanyesha usiku kucha, ikanyesha na Ijumaa. Isaka alisimama mlangoni kwake ameshika kofia, machozi yanamtoka, anataka kushukuru lakini hajui amshukuru nani kwa sauti. Alishukuru kimoyomoyo, kwa maneno ya jumla.

Hapo ndipo Mzee Filipo alipofika, amelowa chapachapa, ana hasira takatifu. Jumatatu mchana alikuwa ng'ambo ya korongo anatafuta punda wake, na kwa macho yake mwenyewe alimwona mtu amembeba kondoo mweusi kuelekea kwa Kitundu, na Dorika, mshirika wa meza ya Bwana, anampa maji.

"Mtu gani?" Isaka aliuliza.

"Uso sikuuona. Mkia ulimziba. Lakini kondoo mweusi namna ile unaye wewe tu. Kondoo wako yuko wapi, Mwalimu?"

Ilikuwa nafasi nzuri sana ya kusema kweli. Mvua ilikuwa inanyesha, watu walikuwa na furaha, hata Mzee Filipo angeweza kusamehe. Isaka aliitazama nafasi ile vizuri, akaona ukubwa wake.

"Ameibiwa," alisema.

Ndivyo kondoo alivyoibiwa, siku tatu baada ya kuliwa. Na sasa kosa la Dorika lilikuwa limepanda daraja, maana mtu wake hakuwa tu mtu wa mizimu, bali pia mwizi wa mali ya mtumishi wa Mungu.

Jumamosi baraza lilikaa. Dorika aliitwa, akaja na kanga yake ya Jumapili, akasimama.

"Ulimpa maji mtu mwenye kondoo?" Mzee Filipo aliuliza.

"Nilimpa, mzee wangu."

"Ulijua anakwenda wapi?"

"Njia ile haina kwingine inakokwenda."

"Ni nani huyo mtu?"

Dorika alimtazama Isaka. Isaka alikuwa ameshika kalamu na daftari la washirika, na jasho lilikuwa linamdondokea kwenye herufi. Aliwaza mambo matatu kwa mpigo: kanzu, nyumba ya misheni, na barua ambayo Bwana Mchungaji, mkubwa wake wa misheni, alisema ameiandika ili Isaka akasomee uchungaji. Aliwaza pia kwamba yeye ni mtu wa ovyo. Wazo hili lilikuja la nne, likakuta viti vimejaa.

"Alikuwa na kiu," Dorika alisema.

"Hatujakuuliza alikuwa na nini. Tumekuuliza ni nani."

"Mwenyewe anajijua. Na Mungu anamjua. Na mimi niongezeke hapo niwe wa tatu, nifanye nini?"

Wazee walinong'ona. Halafu Isaka, kwa kuwa ndiyo kazi yake, alisimama akasoma maneno. Dorika ametengwa. Hatakaribia meza ya Bwana. Atakaa nje ya kanisa. Mshirika yeyote asile wala asinywe kwake mpaka atakapotubu, na kutubu maana yake ni kumtaja yule mtu. Mzee Filipo akaongeza kwamba mbegu za mtama zilizoahidiwa na misheni ni za washirika wa meza peke yao. Hilo ndilo lililomfanya Dorika abadilike uso. Mbegu zake aliwapikia watoto mwezi uliopita. Bila mbegu, mvua hii yote ingenyeshea shamba tupu, na mwaka mzima unaokuja angeshinda barabarani akivunja mawe ya Bwana Shauri, na watoto wake wakimwokotea kokoto.

Dorika alikaza kanga yake kiunoni. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Mwalimu, shingo imepona?"

"Inaendelea vizuri," Isaka alijibu. Wazee walidhani anaumwa baridi.

Basi Jumapili kondoo akaja, kama nilivyokwisha kusema. Baada ya ibada wazee walimkagua. Alikuwa ndiye, hakuna ubishi: sikio lile lililotatuka, macho yale, mkia uleule. Tofauti ilikuwa moja. Shingoni, mahali kisu kilipopita, alikuwa na mstari mweupe wa manyoya, mwembamba, umenyooka. Mzee Filipo alitafakari, akatoa maelezo yaliyoridhisha kila mtu: mali iliyoibiwa Mungu huirudisha kwa mwenyewe, na kama Dorika angekuwa na moyo mzuri, angejifunza kwa kondoo huyu jinsi ya kurudi. Watu wakaitikia, wakaenda kupanda.

Kondoo hakukosa Jumapili hata moja. Hakulia, hakuchafua sakafu, hakula vitabu. Alisikiliza. Ila Isaka alipolifikia neno "tumtumaini", kondoo aliinua kichwa akamkazia macho mpaka sentensi ikaisha. Isaka akaanza kulikwepa neno hilo. Alihubiri juu ya usafi wa visima. Alihubiri juu ya kuheshimu wakwe. Mahubiri yakawa mafupi, na sifa zake zikaenea mpaka Kinampanda.

Nje, chini ya dirisha, Dorika aliimba na kuomba ileile sala yake fupi. Mvua ikinyesha aliwafunika watoto kwa kanga. Siku moja Isaka alijikaza akatoka kwenda kumuuliza hali.

"Huku nje si kubaya," Dorika alisema. "Kuna hewa. Na Mungu anasikia kupitia dirishani, au hapana, Mwalimu?"

"Anasikia."

"Basi wewe usijisumbue. Shamba nimeshalima, na mistari nimeitoboa yote. Kilichobaki si kazi yangu."

Isaka alikwenda kuliona shamba lile. Lilikuwa limelimwa safi kuliko lake, mashimo yamepangika mstari kwa mstari, hakuna kitu ndani. Alirudi nyumbani akakataa kula, akasema amefunga. Dina alimwambia kwamba mtu anayefunga kwa aibu hahesabiwi, akamwekea ugali mezani. Akala.

Mzee Kitundu naye alifika, safari hii hana raha. Alikuwa amebeba ngozi nyeusi ya kondoo iliyokunjwa.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Mimi kazi yangu niliifanya sawasawa. Nilimchinja mwenyewe, watu walikula, na ngozi hii hapa. Sasa nasikia yuko kanisani. Sitaki kesho uje useme nikurudishie mvua."

Walikwenda wote wawili zizini. Waliitandika ngozi chini karibu na kondoo, wakalinganisha. Sikio lililotatuka lilikuwepo kwenye ngozi na lilikuwepo kwa kondoo.

"Basi anazo mbili," Isaka alisema.

"Na lile doa la shingoni linamharibu," Kitundu alisema. "Hafai tena kwa kazi." Akavuta ugoro. "Na yule mama bado yuko nje?"

"Bado."

"Kwa ajili ya yale maji?"

"Kwa ajili ya yale maji."

"Kwangu mimi wanakuja wezi, wanakuja wachawi, hata wewe umekuja," Kitundu alisema. "Lakini aliyetoa maji wakati wa kiangazi, huyo sijawahi kumfukuza."

Alikunja ngozi yake akaondoka. Isaka alibaki anamtazama kondoo, na kondoo anacheua.

Bwana Mchungaji alikuja mwezi wa pili, kwa pikipiki, na nyuma yake mkokoteni wenye magunia ya mbegu. Alikuwa Mzungu mrefu, mwenye haraka, anayependa mambo yakae kwenye mstari. Isaka alikuwa ameapa kwamba siku hiyo atasema. Aliapa asubuhi, akaapa tena akinawa uso.

Bwana Mchungaji alifungua daftari. Majina yalikuwa thelathini na moja, na vipimo vya mbegu vilikuwa thelathini na moja. Jina moja lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu.

"Huyu nani?"

"Dorika," Mzee Filipo alisema. "Ametengwa. Alishirikiana na mwizi wa kondoo."

"Na kondoo?"

"Huyo hapo."

Bwana Mchungaji alimtazama kondoo aliyelala mbele ya benchi la kwanza. Aliuliza kama huja kila Jumapili. Akaambiwa hajakosa. Akauliza ni nani mwingine ambaye hajakosa. Watu wakatazama miguu yao. Aliyekuwa hajakosa alikuwa mmoja tu, naye alikuwa chini ya dirisha.

"Bwana Mchungaji," Isaka alisema, akasimama. "Kuna neno. Ni kuhusu kondoo."

"Ndiyo, ndiyo," Bwana Mchungaji alisema huku akiandika. "Nimeelewa. Ripoti yangu inasema thelathini na moja, sitaweza kurudi na kipimo kimoja. Mwandike kondoo huyu, apewe nafasi iliyobaki wazi. Wewe utamlimia, Mwalimu, maana ni wako. Na ile barua yako ya uchungaji imejibiwa. Wanakutaka baada ya mavuno. Ulikuwa unasema?"

Dirishani Dorika alikuwa ameacha kuimba. Isaka alifungua mdomo, na mdomo ukatoa maneno haya:

"Nilikuwa nasema asante."

Alipokaa, alijiambia kwamba angalau amejaribu. Kisha akajiambia kwamba hata hilo ni uongo. Kondoo akaandikwa kwenye daftari, mstari uleule lilipokatwa jina la Dorika, na kipimo cha mbegu kikawekwa mbele yake. Alikinusa, hakukila.

Jumatatu Isaka alizichukua zile mbegu za kondoo kwenye kikapu, akaenda nazo mpaka kwenye uzio wa shamba la Dorika. Nia ilikuwa kuzimimina pale na kukimbia. Tena alikuwa ameshainamisha kikapu, Mungu ni shahidi. Lakini Mzee Filipo akatokea na punda wake, akauliza Mwalimu anatafuta nini huku.

"Shamba la kondoo," Isaka alisema.

"Liko wapi?"

Isaka alionyesha kipande cha kichaka kilichokuwa pembeni, kisicho na mwenyewe. Na alipokwisha kulisema, ikabidi alime. Alilima siku nne, kondoo amesimama kivulini anamwangalia. Upande wa pili wa uzio lilikuwa shamba la Dorika, limelimwa, lina mashimo yake matupu ambayo mvua ilikuwa imeanza kuyafukia.

Siku ya nne, saa saba mchana, mtama wa kondoo ulikuwa umeshapandwa wote. Isaka aliegemea jembe. Koo lilikuwa limekauka, na kibuyu chake alikuwa amekisahau nyumbani. Dorika alikuwa mlangoni kwake. Asubuhi alikuwa amekwenda barabarani kuvunja mawe, mikono ameifunga matambara. Alimwona, akaingia ndani, akatoka na kata.

"Mwalimu, njoo unywe maji."

"Dorika, mimi nimekutenga. Hatutakiwi kunywa pamoja."

"Sinywi mimi. Unakunywa wewe."

Isaka aliruka uzio akaenda. Alikunywa, na maji yalikuwa baridi. Machozi yakamtoka, akayapangusa kwa mgongo wa mkono.

"Jumapili nitasema," alisema. "Nitasimama mbele ya watu wote niseme. Kweli kabisa, Dorika."

"Sawa, Mwalimu. Malizia maji."

Wakasikia kikohozi ng'ambo ya korongo. Mzee Filipo alikuwa anatafuta punda wake tena. Kondoo aliyekuwa kivulini alisogea taratibu, akaja akasimama karibu na miguu ya Isaka, akapiga magoti. Isaka hakufikiri. Aliinama, akamnyanyua, akamweka mabegani, na ule mkia mnene ukaanguka mahali pake palepale, kuanzia paji mpaka kidevu. Safari hii kondoo alikuwa mwepesi, hakugoma hata kidogo.

"Dorika!" Mzee Filipo aliita kutoka ng'ambo, ameweka kiganja juu ya macho. "Nani huyo unayempa maji?"

Dorika alimtazama mtu aliyekuwa chini ya kondoo. Alimpa muda. Alimpa muda wa kutosha mtu kuvuta pumzi, kuinua mkia na kutaja jina lake mwenyewe, ambalo si refu. Kisha akageuka upande wa korongo.

"Mtu mwenye kiu, mzee wangu," alisema. Akachota kata nyingine, akampa kondoo.

Mzee Filipo alitoa penseli na karatasi. Chini ya mkia, kimoyomoyo, Isaka alimwambia Mungu kwamba anamtumaini. Kondoo akaacha kunywa, akainua kichwa.